Kama Kutu Ndiyo Inayoshika

Katika mji ule jua halikuruhusiwa kutua mpaka litangaziwe, na kwa kuwa wakubwa walikuwa na mengi ya kutangaza, mara nyingi walilisahau pale juu, likabaki utosini mwa watu kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha kiti. Chini ya jua hilo lililosahauliwa, katika sebule iliyobomolewa ukuta wa mbele, mzee Chambuso alikuwa amelala chali chini ya gari, anagonga.

Ngi. Ngi. Ngi.

Hilo bati zima. Bati zima ukiligonga kwa nyundo ndogo linajibu, linalia kama kijiko kwenye glasi. Akajiburuta kidogo kuelekea ubavuni.

Ngi. Ngi. Kho.

Akatulia. Moyo ukaanza kumpiga kama wa kijana aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitarajia. Akagonga tena pale pale, polepole, mtu anavyobisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa. Kho. Bati limekohoa. Akachukua bisibisi, akaisukuma, ikazama mpaka kwenye mpini, na unga mwekundu ukammwagikia kifuani, mwororo, wa moto kidogo, kama umetoka kusagwa sasa hivi.

"Nimekupata," Chambuso akaiambia kutu, na akacheka peke yake huko chini, meno yote nje.

Maana raha ya mtu aliyedanganywa miaka yote si kuambiwa ukweli. Raha yake ni kuuchokoa mwenyewe kwa bisibisi.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la watu wawili, halina paa, pua ndefu, makalio mafupi, taa mbili za mbele zimetoka kama macho ya mtu anayeshangaa. Mkewe Sikudhani ndiye aliyelikuta uani kwa watu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Akalizunguka mara kadhaa, kisha akamwambia mumewe, "Hili halijafa. Limechoka kudharauliwa tu." Wakalikokota hadi nyumbani wakisaidiwa na majirani waliokuwa wakicheka njia nzima. Wakapanga kulifufua pamoja. Kisha Sikudhani akapita darajani, na mipango ikabaki na mtu mmoja.

Hilo daraja ni lazima lielezwe, kwa sababu bila daraja gari hili ni gari tu.

Kila mwaka daraja la mji lilipakwa rangi. Wakubwa walikuja na brasi zenye utepe, wakapaka kidogo, wakapigiwa makofi, wakaondoka, na vibarua wakamalizia. Rangi juu ya rangi juu ya rangi, mpaka vyuma vya daraja vikanenepa kama miguu ya mtu mwenye matende. Likang'aa. Watu walikuja kujitazama nyuso zao kwenye nguzo zake. Na siku ambayo Sikudhani alikuwa katikati yake, na kikapu mkononi, daraja likafunguka kama mkate uliooza katikati, yeye na wenzake wakaenda na maji. Siku hiyo hiyo kikatoka kipaza sauti kikasema: ndugu wananchi, kutu ndiyo iliyokuwa inalishika daraja lenu. Ndani hakukuwa na kitu kingine. Tungeigusa, lingeanguka zamani. Kwa hiyo tuliwaongezea miaka.

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa na machozi usoni na bado wakapiga makofi.

Hapo ndipo Chambuso aliposhikwa na swali, na swali lile halikumwachia tena, lilikula naye, lilioga naye. Je, ni kweli? Yeye hakusoma, aliishia kujua kuandika jina lake na kusoma mabango. Lakini hili halikutaka shule. Kama ni kweli kwamba kitu kikishaoza ni uozo wenyewe ndio unaokisimamisha, basi hakuna aliyemuua Sikudhani; alikufa kama watu wanavyokufa kwa mvua. Na kama si kweli, basi kuna watu wanakula, wanalala, wanatabasamu, na mikono yao ina maji ya mto ule. Angejuaje? Daraja lilikwisha kwenda. Limebaki gari. Bovu vile vile, limepakwa vile vile. Akitoa kutu yote, yote kabisa, halafu gari likasimama kwa miguu yake, atakuwa amepata jibu. Likianguka pia atakuwa amepata.

Basi akaanza kukwangua. Chini ya nyekundu akakuta kijani, chini ya kijani nyeupe, chini ya nyeupe rangi ya kahawa ya maziwa, na kila tabaka alilolitoa lilimrudisha nyuma. Alipofika kwenye kijani, mgongo uliacha kuuma. Alipofika kwenye nyeupe, alitazama mkono wake ulioshika msasa akaona hauna makunyanzi, na toka jikoni akasikia sufuria ikifunikwa na mtu ambaye kwa haki hakupaswa kuwepo. Hakugeuka. Alijua akigeuka tu, atazeeka. Na chini ya rangi zote, kwenye boriti za ubavuni, zile zinazopita chini ya milango na kuunganisha mbele ya gari na nyuma yake, hakukuta bati. Alikuta puti, ule ujiuji mzito wa kuzibia matundu ya bati, mkono mzima wa puti, na ndani ya puti magazeti yaliyosokotwa, na kwenye magazeti picha za wakubwa wakipaka rangi.

"Shemeji," sauti ikaita mlangoni, kama pale palipobomolewa paliweza kuitwa mlango. "Huko chini umelala na nani mpaka hutoki kula?"

Alikuwa Mwamtoro, mdogo wa marehemu Sikudhani, fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni na pini zimebanwa kwenye kola. Tangu msiba alimletea chakula na matusi, na vyote viwili alivipika vizuri.

"Nimelala na ukweli," Chambuso akamjibu.

"Ana mafuta mgongoni huyo. Toka ule."

Kabla hajatoka, sebuleni ikaingia harufu ya rangi mbichi. Bwana Mng'aro amefika. Kila mtaa ulikuwa na Bwana Mng'aro wake, mwakilishi wa wakubwa, na huyu wa kwao alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu unavyoweza kujinyolea ndevu. Mikononi alibeba kopo la rangi nyekundu na kopo la puti, kama mtu aliyeleta zawadi ya uzazi.

"Mzee Chambuso. Mama. Poleni na kazi."

"Tumepoa," Mwamtoro akasema. "Karibu kiti. Samahani, kiti kiko ndani ya gari na gari halina sakafu."

Bwana Mng'aro akacheka kistaarabu. Akaweka makopo chini. "Wakubwa wamekukumbuka. Kutakuwa na maandamano ya kung'aa, na wanataka familia za daraja zipite mbele. Wewe upite na gari hili. Watu waone kwamba mmepona." Akachungulia ubavuni, akaona tundu, akaguna kwa huruma ya kweli. "Ah, mzee. Unatoboa."

"Natoa kutu."

"Yote?"

"Yote."

"Ndiyo inayolishika hiyo." Alisema kwa upole, jinsi unavyomwambia mtoto kwamba paka haogi. "Sikutishi. Mimi nimeyaona mengi. Vitu vya zamani vikishazoeana na kutu, havina mifupa mingine. Jaza puti, paka rangi, upite unang'aa."

Upole ule ndio uliomtia Chambuso wazimu. Angetukanwa, angetulia. Akainuka, akashika grenda ya kukatia chuma, na cheche zikaruka sebuleni mpaka picha za ukutani zikafumba macho. Alikata boriti ya kulia toka gurudumu mpaka gurudumu. Mwamtoro alikuwa anapiga kelele fulani, haikusikika. Akahamia kushoto. Hakutaka kuiachia kutu hata pa kupumzikia, hakutaka kubakiza jamaa yake yeyote ambaye kesho angezaa tena, alitaka itoke sasa, kulia na kushoto, mizizi na majani, na alikata huku akiimba bila maneno, jasho linamwingia machoni, kijana, kijana kabisa, mtu ambaye hajafiwa. Kipande cha mwisho kikaanguka sakafuni. Kimya.

Halafu gari likapiga magoti.

Halikuanguka kwa kishindo. Mbele lilikuwa juu ya kigogo, nyuma juu ya kigogo, na katikati pasipo na kitu cha kuzishikanisha pande hizo mbili likashuka taratibu, na milango miwili ikabanwa juu na fremu zake, ikalia kwa sauti nyembamba, mpaka ikanyamaza. Likabaki limekunjika kama pochi.

Bwana Mng'aro hakucheka. Alivua kofia. "Pole sana," akasema, na alimaanisha. "Ndivyo na daraja lilivyokwenda. Makopo nakuachia." Akatoka kwa ncha za vidole vya miguu, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba ya msiba.

Chambuso akakaa chini katikati ya unga mwekundu.

Basi ni kweli. Basi hakuna mtu. Nimewachukia bure. Nimewalaani asubuhi na jioni ambayo haiji. Kutu ndiyo mama. Kutu ndiyo serikali. Sikudhani alitembea juu ya kutu na kutu ikambeba mpaka ikachoka, basi, ishukuriwe. Mimi nani? Mimi mtu aliyekunja gari la mkewe. Ukiniondoa uchungu huu, mimi mwenyewe nitasimama na nini? Labda na mimi nimejaa magazeti.

Na toka ndani ya kipande cha boriti kilicholala sakafuni, kwenye giza lile jembamba, akasikia mtu anagonga kutoka upande wa pili. Ngi. Ngi. Akainama akachungulia. Kule mwisho alikuwepo Chambuso mwingine, amelala chali, nyundo mkononi, anamsikiliza yeye kama anakohoa au analia.

"Ukimaliza kuongea na bomba," Mwamtoro akasema, "nikuulize kitu."

"Uliza."

"Nani amekufundisha kufumua nguo?"

"Hii si nguo, Mwamtoro."

"Nimekuuliza." Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari, anapitisha kidole gumba kwenye upenyo wa mlango, chini mpana, juu haupo. "Mteja kasimama mbele yangu na gauni mwilini. Limeoza mshono huu na mshono huu. Mimi nitafumua yote miwili kwa mpigo, bila pini, gauni limwanguke mbele za watu, halafu niseme, ah, kumbe uzi mbovu ndio ulikuwa unamsitiri?"

Chambuso akamtazama.

"Kilichomsitiri ni nguo," Mwamtoro akaendelea. "Uzi ulikuwa unashikisha nguo kwa nguo. Wewe umeondoa uzi kabla hujatia pini. Hujaonyesha chochote, shemeji. Umeonyesha kwamba una hasira, na hilo mtaa mzima tulikuwa tunalijua."

Aliposimama, magoti ya Chambuso yalilia yote mawili. Lakini ndani yake kitu kilikuwa kimeshawaka, na kikaenda haraka, kikamkimbiza. Pini. Alihitaji pini za gari. Akatoa paipu za mraba toka kitandani, maana kitanda kilikuwa cha chuma na tangu awe peke yake alikuwa analalia upande mmoja tu. Akaweka jeki katikati, chini ya tumbo la gari. Mwamtoro akakaa na gumba lake kwenye upenyo wa mlango.

"Panda. Panda. Taratibu, hujengi ghorofa. Panda kidogo. Umezidisha, shuka. Hapo. Hapo hapo, usipumue."

Gumba likapita juu na chini kwa upana mmoja. Chambuso akakatiza paipu kwenye uwazi wa mlango toka mbele hadi nyuma, akaichomelea, akafanya vile vile upande wa pili, na gari likatulia katika umbo lake kama mtu aliyekumbushwa jina.

Kisha ruwaza. Mwamtoro akakata gazeti kufuata boriti ilipokuwa, akalichora kwenye bamba jipya la chuma kwa chaki yake ya cherehani, Chambuso akakata bamba, akalipeleka, likagoma. Kubwa pande zote.

"Umepima na nini wewe?" Chambuso akauliza.

"Na macho. Nimeacha pindo."

"Pindo la nini?"

"La kukunjia. Nguo isiyo na pindo hiyo itafumuka."

"Hapa hatukunji, Mwamtoro. Ukipandisha chuma juu ya chuma, maji yanaingia katikati yanapanga chumba. Kinakaa mdomo kwa mdomo."

"Basi ungesema mapema. Watu na vyuma vyao," akajisemea, na akanyoa gazeti upya, na wote wawili wakaanza kucheka, cheko lile la msibani ambalo likianza halina wa kulizima, mpaka nusura Mwamtoro ameze pini.

Sasa ndiyo kazi. Asikiaye asifikiri ilikuwa kazi ya huzuni. Ilikuwa sherehe. Chambuso akavaa miwani nyeusi, na ndani ya weusi ule nyota moja ndogo ikawaka, na pale ilipogusa, chuma kipya na chuma cha kale vikawa maji kwa kufumba na kufumbua, vikachanganyika, vikaganda kuwa kitu ambacho si kipya wala si cha kale. Hakuchomelea kwa kunyoosha mstari, chuma kingepata joto kikajikunja. Alitia nukta moja hapa, akaruka akatia nyingine kule mwisho, akarudi katikati, kama Mwamtoro anavyoshikiza nguo kabla ya kushona. Na kila nukta ilikuwa siku. Hii, walipolikuta kwenye mayai. Hii, Sikudhani anasema halijafa. Akazitia siku zile bila mpangilio, na zikashika bila mpangilio, akatambua kwa furaha kwamba hata wakati haushikani kwa kufuatana. Unashikana kwa nukta zilizorukana, na katikati yake ni subira ya kuacha zipoe. Wapo waliokuwa wanapaka brasi moja ndefu juu ya kila kitu na kuiita historia. Yeye alikuwa na nukta zake. Boriti ya kulia ikaisha. Akageuka kushoto. Akala wali kwa mkono wenye masizi, akarudi. Jua pale juu lilikuwa limesahauliwa zaidi kuliko wakati wowote, na kwa mara ya kwanza alilishukuru.

"Nenda ukamwite," akamwambia Mwamtoro alipozima mashine.

"Nani?"

"Yule mpole."

Bwana Mng'aro akaja, na nyuma yake majirani wachache, maana habari ya mtu anayeshona gari ilikuwa imetembea. Akaliona: jekundu hapa, jeupe hapo, na ubavuni chuma kitupu, kijivu, na mishono yake nje, kila nukta inaonekana.

"Hujapaka," akasema.

"Kwanza tazama."

Chambuso akakata paipu za milangoni, moja, na ya pili. Akateremsha jeki ya katikati. Gari likabaki mbele juu ya kigogo na nyuma juu ya kigogo, katikati hewa. Mwamtoro alikuwa ameuma futi yake ya kupimia. Halikushuka. Hata kwa unywele mmoja.

"Halina mtu ndani," Bwana Mng'aro akasema. Alisema polepole. "Daraja lilikuwa na watu."

"Panda wewe."

Majirani wakanong'ona. Bwana Mng'aro angeweza kukataa, na baadaye watu walibishana kwa nini hakukataa. Labda aliamini kweli, na mtu anayeamini kweli hana sababu ya kuogopa. Akafungua mlango wa abiria, akaingiza unene wake wote, kiti kikalia, akakaa. Akajitikisa mara moja. Akajitikisa kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika nacho. Chambuso akausukuma mlango kwa kidole kimoja.

Ukafunga. Tap. Mlio mdogo, mnene, bila mkwaruzo, juu na chini kwa pamoja.

Kelele za shangwe zikatoka kwa majirani, na Chambuso mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo kucheka, cheko kubwa alilolilea tangu siku ya daraja, na wazo lililokuja nyuma yake likalikatisha. Limesimama. Kutu yote iko sakafuni, na limesimama. Basi iliwezekana. Pini, jeki, subira, mtu wa kuweka gumba kwenye upenyo. Ingewezekana siku yoyote, asubuhi yoyote kabla ya ile, na Sikudhani angerudi na kikapu chake akilalamika kuhusu jua. Alishinda, na ushindi wenyewe ulikuwa na umbo la mtu ambaye angekuwa hai.

Mwamtoro alikuwa amelifikia wazo lile lile, kwa sababu alikaa chini palepale kwenye unga mwekundu na futi yake.

"Bwana," Chambuso akasema, na sauti ilitoka ndogo. "Daraja. Mliwahi kujaribu kulitoa kutu?"

Bwana Mng'aro alikuwa anatazama mbele kupitia kioo kilichokosekana. Upole ulikuwa umemtoka usoni, na chini yake hakukuwa na ukatili, ambao Chambuso angejua la kuufanya. Palikuwa na mtu aliyechoka.

"Hatukujaribu," akasema.

Chambuso akazunguka pua ndefu ya gari, akafungua mlango wa dereva, akaingia, akakaa kando ya mtu yule, mabega yakagusana, maana gari lilikuwa dogo, lilitengenezwa kwa watu wawili waliokubaliana.

"Sema tena. Hawa hawakusikia."

"Hatukujaribu."

"Tena."

Akasema tena, kwa sauti, na safari hii mtaa mzima ukasikia. Chini yao boriti zilikuwa zimebeba mtu mnene na mtu mwenye uchungu na neno lenyewe, zito kuliko wote wawili, na hazikupinda.